UZI: Asasi ya elimu inasemaje ukweli bila kugeuka tawi la chama?

#1 Kitabu Wazi (mleta uzi)

Habari zenu wadau. Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu, leo nimeamua kulimwaga lote. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye asasi ya elimu isiyogawana faida. Tunafundisha watoto kusoma, tunaendesha vyumba vya vitabu, na mara moja moja tunatoa ripoti kuhusu hali ya madarasa. Jina lake sitalitaja. Ninachotaka tujadili ni hiki: asasi ya namna hii iseme nini, lini, na kwa niaba ya nani, wakati elimu na siasa zimesukwa mkeka mmoja?

Naanza na kisa, maana bila kisa mada hii hubaki maneno ya semina.

Mwaka wa uchaguzi, mgombea mmoja alitujia na maboksi ya vitabu vya hadithi. Vitabu vizuri, vipya, vya watoto wa madarasa ya chini, vile vile tulivyokuwa tukivililia. Hati ya kupokea nilisaini mimi. Tulipofungua maboksi mchana ule tukakuta kila kitabu kina stika ndani ya jalada, yenye picha yake na rangi za chama chake. Kabla hatujajua la kufanya, mpiga picha wake alikuwa ameshawapanga watoto mstari, kila mmoja na kitabu kimefunguliwa pale pale penye stika. Wiki haikuisha, picha ile ikawa kwenye vipeperushi vya kampeni, na jina la asasi yetu linasomeka ukutani juu ya vichwa vya watoto.

Jioni tatu mfululizo tulikaa watu wanne kubandua stika. Ukilowesha kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kusubiri, karatasi ya juu inatoka, lakini gundi inabaki, na kwenye gundi hiyo kurasa zinashikana. Vitabu vingi vilichanika ukurasa wa kwanza, ule wenye mwanzo wa hadithi.

Wazazi wa upande mwingine wakaanza kuwatoa watoto wao. Hakuna aliyekuja kugomba. Mtoto yupo Jumatatu, Jumatano hayupo. Kuna binti mmoja alikuwa ameanza kuunganisha silabi vizuri kabisa, hakurudi. Nilipokutana na mama yake njiani aliniambia kwa upole: "Mwalimu, sisi tulijua pale ni pa watoto wote."

Maneno ya mama yule yaliniuma kuliko barua yoyote ya lawama.

Sasa, wengi kwenye kazi hizi wanaamini dawa ni kunyamaza. Sisi tulijaribu hiyo dawa. Baada ya kisa kile bodi iliamua tusitamke chochote chenye harufu ya siasa. Mwaka uliofuata tukapita madarasa ambayo watoto wa dawati zima wanagawana kitabu kimoja, wa pembeni wanasoma maandishi kwa upande. Tukaandika ripoti. Kisha tukaifungia kabatini, kwa hofu kwamba ikitoka tutaonekana tunapinga walioko madarakani. Ripoti ile, humo kabatini, haikumfaa mtoto hata mmoja.

Kwa hiyo nimeonja yote mawili, na msimamo wangu ni huu. Kuna swali la nani atawale, na kuna swali la mtoto anasomaje. Kwenye la kwanza asasi ya elimu haina kura wala haina sauti. Kwenye la pili, ikinyamaza imeacha kazi iliyoandikishwa kuifanya. Ugumu ni kwamba maswali haya huja yamekumbatiana, na mtu anayetakiwa kuyatenganisha mara nyingi ni kijana wa mawasiliano anayejibu simu ya mwandishi wa habari saa mbili usiku.

Kipimo tunachotumia siku hizi: futa jina la aliyefanya jambo, weka jina la mpinzani wake. Je, tungesema maneno haya haya, kwa ukali huu huu, siku hii hii? Kama jibu linasitasita, taarifa haitoki.

Karibuni, hasa mnaopinga.

#2 Mwalimu wa Zamu

Mkuu, pole kwa yaliyowakuta, ila naomba kutofautiana nawe mapema kabla uzi haujawa wa kupongezana.

Neno hili "kutoegemea upande" nimelisikia sana kwa watu ambao hawana cha kupoteza. Anayekandamizwa haoni tofauti kati ya asasi iliyonyamaza kwa kanuni na iliyonyamaza kwa woga. Chukueni mfano wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Hakuna shirika lililojijengea jina la kutofungamana kuliko hilo. Oktoba 1942 kamati ilikaa kujadili kama itoe tamko la hadharani juu ya yaliyokuwa yakifanywa na Wanazi, na ikaamua kutotoa. Miaka mingi baadaye shirika lenyewe lilikiri kwamba lilishindwa. Kanuni ilikuwepo, watu makini walikuwepo, na bado.

Ndiyo maana mwaka 1971 madaktari na waandishi wa habari wa Ufaransa walianzisha Madaktari Wasio na Mipaka, baada ya vita vya Biafra kule Nigeria, wakisema tabibu ana wajibu wa kutibu na pia wa kusema alichokiona.

Swali langu kwa mleta uzi: kipimo chako cha kubadilisha majina kinafaa pale ambapo pande mbili zinafanana. Je, upande mmoja ukiwa ndio pekee unaoumiza watoto?

#3 Sheria na Kalamu

Nimeshughulika na nyaraka za asasi muda mrefu, acheni niongeze upande wa sheria, maana asasi nyingi zinaogopa sheria ambazo hazijawahi kuzisoma.

Marekani ndiyo inayotajwa sana. Tangu 1954, kwa kipengele kilichopendekezwa na Lyndon B. Johnson alipokuwa seneta, asasi ya elimu au hisani yenye msamaha wa kodi chini ya kifungu cha 501(c)(3) haitakiwi kabisa kumpigia debe mgombea. Mwaka 1987 ikaongezwa wazi kwamba hata kumpinga mgombea ni marufuku. Hapo hakuna "kidogo tu". Lakini kuwashawishi wabunge juu ya muswada ni jambo jingine kabisa: linaruhusiwa, mradi lisiwe sehemu kubwa ya kazi. Na tangu 1976 asasi inaweza kuchagua kupimwa kwa fedha ilizotumia: asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi ya kazi zake, kisha asilimia inashuka kadiri bajeti inavyopanda, na mwisho kabisa dola 1,000,000 kwa mwaka. Tena uchambuzi usio wa upande wowote, unaoweka hoja zote mezani ili msomaji ajiamulie, hauhesabiwi kuwa ushawishi hata kama mwandishi ana maoni yake.

Kanada walikuwa na mwongozo wa asilimia 10 ya rasilimali kwa shughuli za kisiasa. Mwishoni mwa 2018 waliufuta. Asasi sasa inaweza kujadili sera inavyotaka ilimradi inahudumia lengo lake, lakini kuunga mkono chama bado mwiko. Uingereza na Wales, mdhibiti wa asasi za hisani anaruhusu kampeni za sera zinazotumikia lengo la asasi, ila asasi yenyewe haiwezi kuwa na lengo la kisiasa.

Kesi mbili zitawasaidia wana-uzi kuona jinsi majaji wenyewe wasivyokubaliana. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Australia, kwenye kesi ya asasi iitwayo Aid/Watch, ilisema kuchochea mjadala wa umma kuhusu namna ya kupunguza umaskini kunaweza kuwa jambo la manufaa kwa jamii lenyewe kama lilivyo. Mwaka 2019 Mahakama ya Kodi ya juu ya Ujerumani ikaenda njia nyingine kwa asasi ya Attac: kazi yake ilitetewa kama elimu kwa umma, mahakama ikajibu kwamba elimu ya siasa lazima ifanywe kwa uwazi wa fikra, isiwe pazia la kusukuma matakwa ya asasi kwa watunga sera.

Angalieni: juu ya hoja na sera nchi zinavutana, ila juu ya mgombea na chama zote hizi zimefika mahali pamoja. Huo mstari ndio usiovukwa. Mengine yana nafasi kubwa kuliko asasi nyingi zinavyodhani.

#4 Kitabu Wazi (mleta uzi)

Sheria na Kalamu, asante sana. Hilo la mwisho ndilo lililotutesa: tulijifungia chumba kimoja wakati nyumba nzima ilikuwa wazi.

Mwalimu wa Zamu, hoja yako ni nzito, sitaikwepa. Mfano wa 1942 unanitisha hata mimi. Lakini soma vizuri kilichoshindikana pale. Kamati haikuulizwa imuunge mkono nani vitani. Iliulizwa iseme juu ya watu wanaouawa, jambo lililokuwa kiini cha kuwepo kwake. Misingi saba ya harakati ile, kama ilivyopitishwa Vienna mwaka 1965, inataja kutofungamana kuwa msingi mmoja, na unaotangulia wote ni ubinadamu. Kwa macho yangu kutofungamana ni mtumishi wa ule wa kwanza. Asasi ikimweka mtumishi kwenye kiti cha bwana, ndipo inapopotea.

Kwetu sisi wa elimu bwana ni mtoto kujifunza. Upande mmoja ukiwa ndio unaomfungia mtoto mlango, tunasema mlango umefungwa, na umefungwa na uamuzi gani, wa tarehe gani, wenye athari gani. Kipimo hakituambii tugawanye lawama nusu kwa nusu. Kinauliza tu kama siku wengine watakapofunga mlango ule ule tutapiga kelele ile ile. Asasi inayoweza kujibu ndiyo kwa dhati, iseme bila kutetemeka.

#5 Hesabu Safi

Mimi ni mhasibu wa asasi mbili, nitaongea pale ninapopaona kila siku: kwenye risiti.

Watu hukagua matamko, lakini upande unaingia kwa milango midogo. Ukumbi wa asasi umekodishwa kwa mkutano wa chama kwa bei ya kirafiki, kisha chama kingine kikiomba kinaambiwa kuna ukarabati. Gari la mradi limebeba viti vya mkutano wa kampeni "kwa sababu lilikuwa linapita". Na kubwa kuliko yote, orodha ya simu za wazazi. Hiyo orodha ni mali. Mtu wa kampeni akiipata amepewa mchango mkubwa kuliko hela, na hakuna mahali popote kwenye vitabu vyetu itakapoonekana. Niliwahi kumkuta kijana wa ofisi akiinakili kwenye kidude cha kuhifadhia kumbukumbu, akiamini anamsaidia mjomba wake tu. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

Ushauri wangu kwa kila asasi: andikeni kanuni ya kupokea zawadi kabla hamjaletewa zawadi. Iseme wazi kwamba zawadi haipokelewi ikiwa na picha, rangi au jina la mgombea. Kwamba haitolewi mbele ya kamera za kampeni. Na kwamba kipindi cha kampeni mgombea yeyote, yeyote yule, anajibiwa kwa barua moja ile ile. Kanuni ikiwa imeshaandikwa, yule anayesimama mlangoni hamkatalii mtu, anasoma karatasi tu. Mleta uzi, ungekuwa na karatasi hiyo mkononi siku ile ya maboksi, kalamu yako isingegusa ile hati.

Na wafadhili je? Mfadhili anayesema "tunawapa fedha, ila ripoti ya robo hii msiitoe hadi uchaguzi upite" ameshanunua upande. Anayesema "itoeni kabla" naye vivyo hivyo. Tarehe ya ripoti ipangwe mwaka mmoja mbele na iwekwe wazi.

#6 Mwalimu wa Zamu

Hesabu Safi, hili la orodha ya simu limenikaa. Sikuwahi kulifikiria.

Kitabu Wazi, umenijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Lakini bado nina moja. Taarifa zenu zinaandikwaje? Maana naona asasi nyingi zikishakubali "kusema bila upande" zinatoa taarifa ambayo mtu akimaliza kuisoma hajui kama imelalamika au imepongeza.

#7 Kitabu Wazi (mleta uzi)

Swali zuri, nakupa mfano halisi wa mezani.

Ripoti ile ya kabatini ilikuwa na sentensi ya kwanza hivi: "Serikali imewatelekeza watoto wetu." Mwenzangu aliyeiandika alikuwa ametoka moja kwa moja darasani, vumbi la chaki bado liko kwenye mkono wa shati, na alikuwa na haki ya hasira yake. Nikaichukua nikaibadilisha: "Zipo changamoto katika upatikanaji wa vitabu." Akaisoma, akaniangalia, akasema: "Hapa umewatelekeza wewe."

Alikuwa sahihi. Neno "changamoto" halina mwenyewe, halina mahali, halina siku. Sentensi yangu ilikuwa imemwogopa msomaji, na yake ilikuwa imemhukumu mtu kwa nia ambayo hatukuweza kuithibitisha. Kutelekeza ni nia. Sisi nia hatukuiona, tuliona madawati.

Tulikaa tena siku ya tatu, na iliyotoka ilikuwa hivi: shule tulizotembelea, majina ya madarasa, siku tuliyokwenda, watoto wangapi kwa kitabu kimoja, ahadi iliyoko kwenye mpango wa wizara wenyewe inasema wangapi. Kisha sentensi moja ya tunachotaka: vitabu vifike kabla muhula haujaanza, na ratiba ya kuvigawa ibandikwe mahali mzazi anaiona. Hakuna neno "kutelekeza" na hakuna neno "changamoto". Naapa ilikuwa kali kuliko ile ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyeweza kuibishia kwa kusema "hao ni wapinzani". Angelazimika kubishana na hesabu ya madawati.

Huo ndio ufundi wenyewe kwa maoni yangu. Ukali ukae kwenye ushahidi na kwenye ombi. Ukihamia kwenye vivumishi, umempa mtu mwenye kosa njia ya kutokea.

#8 Bi Mkutubi

Salaam nyote. Mimi nipo upande wa vitabu na darasani zaidi, na naona tumezungumza matamko tu. Asasi ya elimu ina kazi nyingine ambayo siasa inaweza kuingia bila tamko lolote: tunachofundisha.

Ujerumani mwaka 1976 walimu na wataalamu wa elimu ya siasa kutoka kambi zilizokuwa zikigombana vikali walikutana mji mdogo uitwao Beutelsbach. Kilichobaki baada ya mkutano ule ni makubaliano ya mambo matatu. Mwanafunzi asilemewe, yaani mwalimu asimvamie kwa maoni yake hadi ashindwe kujifikiria. Jambo linalobishaniwa kwenye sayansi na siasa lifundishwe kama linabishaniwa. Na mwanafunzi asaidiwe kuchambua hali yake mwenyewe na maslahi yake, aone namna ya kushiriki.

Watu hukariri hilo la pili na kulipindua. Halisemi kila jambo lina pande mbili. Linasema pale wanaojua wanapobishana kweli, usifiche ubishi. Umri wa dunia haubishaniwi na wanajiolojia. Chanjo ya surua kuzuia surua haibishaniwi na madaktari. Asasi inayowaletea watoto "pande zote mbili" za jambo lililokwisha thibitika, kwa kuogopa kikundi fulani, imeshaegemea tayari, tena imeegemea uongo. Kinyume chake, kiwango cha kodi, mfumo wa uchaguzi, lugha ya kufundishia: hapo kuna ubishi halali, na mwalimu anayewapa watoto upande mmoja amewaibia.

Kuna siku niliondoa kitabu kwenye rafu kwa sababu mzazi mmoja wa kambi fulani alilalamika. Juma lililofuata mzazi wa kambi nyingine akaja na kitabu chake cha kulalamikia. Nilikuwa nimeshafungua mlango, sikuwa na maneno ya kumzuia. Vitabu vyote viwili vilirudi rafuni siku hiyo hiyo, na sasa malalamiko yanajazwa kwenye fomu, yanasomwa na watu watatu waliosoma kitabu chote, si ukurasa uliokunjwa.

#9 Sheria na Kalamu

Bi Mkutubi nakazia hapo. Hata kanuni za kodi za Marekani zinasema asasi inaweza kuhesabika ya elimu ingawa inatetea msimamo fulani, mradi iweke ukweli husika kwa ukamilifu na haki kiasi cha kumwezesha mtu kufikia maoni yake mwenyewe. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa kule ilisema maneno hayo hayaeleweki vya kutosha kuwa sheria. Mamlaka ya kodi ikatoa mwongozo wa 1986 unaoangalia njia badala ya msimamo: je, asasi inatoa ushahidi au inatupa madai matupu? Inapotosha? Inachochea hisia kuliko kueleza? Inamjali msikilizaji na kiwango chake cha ujuzi? Hata mahali ambapo sheria hiyo haifiki, ni maswali mazuri ya kubandika ukutani.

#10 Mwanafunzi wa Maisha

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mjitoleaji, nina miaka michache tu kwenye kazi hii. Swali langu ni dogo: mimi binafsi je? Nina chama changu, nina ukurasa wangu mtandaoni. Nikiandika usiku nyumbani kwangu, asasi inanihusu?

#11 Kitabu Wazi (mleta uzi)

Marahaba mdogo wangu. Swali lako si dogo.

Una haki yako ya uraia na hakuna asasi ya heshima itakayokunyang'anya. Mimi ningepinga kanuni inayosema mfanyakazi asiwe na chama. Tunachoomba kwetu ni vitu vinavyoshikika: usiandike ukiwa na fulana ya asasi kwenye picha, usitumie kompyuta wala saa za kazi, usitaje cheo chako unapompigia mtu debe, na usirafikiane mtandaoni na wazazi wa watoto unaowafundisha kwa ukurasa huo huo unaofanyia siasa. Hilo la mwisho vijana wengi hawalipendi. Lakini mzazi anayekuletea mtoto jioni hawezi kutenganisha mkono unaoshika chaki na ule ulioandika matusi juu ya chama chake jana usiku.

Kwa sisi viongozi ni kali zaidi. Mkurugenzi na mwenyekiti wa bodi hawapandi jukwaani. Akitaka kugombea, anajiuzulu kwanza, hachukui likizo. Kwa mwenye sura inayojulikana na watu, "naongea kama mimi" haisikiki.

#12 Mwalimu wa Zamu

Narudi kwa mara ya mwisho, na safari hii nakubaliana zaidi. Nimekumbuka ripoti ya Kalven ya Chuo Kikuu cha Chicago, 1967. Wengi huitaja kama hati ya kunyamaza: chuo ni makazi ya wakosoaji, chenyewe si mkosoaji. Lakini ndani yake kuna kipengele kinachosahaulika: jamii au sehemu yake ikitishia kazi yenyewe ya chuo na uhuru wa kuuliza, hapo chuo kina wajibu wa kupinga kama taasisi.

Wikipedia ya Kiingereza ilifanya kitu kama hicho tarehe 18 Januari 2012. Ilifunga kurasa zake kwa saa 24 kupinga miswada miwili ya Marekani iliyoonekana kuhatarisha intaneti huria. Kamusi elezo inayojivunia kutoegemea upande kwenye makala zake ilisimama hadharani kwa siku moja, na miswada ikawekwa kando siku chache baadaye. Uamuzi uliletwa na wahariri wenyewe baada ya majadiliano ya wazi. Makala ziliendelea kuandikwa bila upande. Aliyesimama ni mwenye nyumba, kwa sababu paa lilikuwa linang'olewa.

Ninachobaki nacho ni wasiwasi: nani anaamua kwamba sasa ni paa?

#13 Kitabu Wazi (mleta uzi)

Kwetu si mkurugenzi peke yake. Tumeandika kwamba tamko lolote nje ya ripoti za ratiba linahitaji watu watatu: mmoja wa bodi, mmoja wa darasani, na mmoja ambaye tunajua siku ya kura anaelekea tofauti na wengi wetu ofisini. Huyu wa tatu ndiye wa thamani kuliko wote. Asasi ambayo haina mtu wa namna hiyo ndani yake haiwezi kujua inasikikaje nje. Ameshazuia matamko mawili, na moja kati ya hayo hadi leo naamini tulipaswa kulitoa. Nilishindwa, nikakubali. Sijui njia bora zaidi ya hiyo.

#14 Msomaji Kimya

Huwa sichangii, nasoma tu. Mimi ni mmoja wa wazazi waliowahi kumtoa mtoto mahali kama hapo, si kwenu, kwingine, kwa sababu inayofanana. Hakuna aliyekuja kutuuliza kwa nini. Nadhani waliona aibu. Laiti wangekuja.

Kaka Kitabu Wazi, yule binti mlimfuata? Na vile vitabu viliishia wapi?

#15 Kitabu Wazi (mleta uzi)

Dada au kaka, asante kwa kuandika. Ndiyo, tulikwenda, ila tulichelewa miezi. Tulipita nyumba kwa nyumba na barua inayosema tulikosea kupokea vitabu vile vikiwa na stika na kuruhusu picha, na kwamba tumeandika kanuni, nakala hii hapa. Barua hiyo hiyo tukaipeleka ofisi za vyama vyote asubuhi moja. Chama cha mgombea yule hawakufurahi. Wapinzani wake walitaka kuisoma kwenye mkutano wao, tukawakatalia kwa maandishi, nao pia hawakufurahi. Familia kadhaa zilirudi. Ya yule binti ilikuwa imeshahama.

Ripoti ya kabatini ilitoka mwaka uliofuata, tarehe iliyotangazwa mapema, na tukarudi madarasa yale yale kuhesabu upya kabla ya kuitoa.

Vitabu tunavitumia. Vile vilivyochanika, mwalimu mmoja alinakili ukurasa wa kwanza kwa mkono, herufi kubwa, kalamu ya bluu, akabandika juu ya gundi. Watoto wapya wanadhani ndivyo kitabu kinavyoanza, kwa mwandiko wa mtu.